Mashine Iliyokonda

Hapana Brayo, kaka yangu, si mbao na kioo tu. Umenirushia hayo maneno tangu tukiwa mezani, ati ni mbao na kioo, ati kila mtoto siku hizi ako na simu ya mamake na ndani ya simu kuna gemu mia za bure, kwa hivyo ni nani atasimama mbele ya sanduku kubwa kama kabati atoe pesa ndio acheze. Umeuliza mara tatu na mara tatu nimekujibu vibaya juu nilikuwa na hasira. Sasa umetoka kwenda kuangalia mpira na mimi nimechukua daftari nikujibu bila mtu kunikata maneno.

Kwa wale hawajui tunabishania nini: Mzee Mutua anahama. Amemaliza nyumba yake kwao Ukambani na anarudisha kile chumba chake cha Lucky Summer kwa mwenye ploti. Alimpigia mamangu simu Jumapili, wakacheka sana, halafu akamwambia ile mashine ya gemu bado iko, na kama kuna mtu anaitaka aifuate kabla ya Jumamosi saa nne. Saa nne fundi wa vitanda anakuja kuichukua, na yeye anataka mbao peke yake. Leo ni Ijumaa.

Nilikuwa nimeamua kuiachilia. Nafanya kazi ya kutengeneza simu hapa Komarock, kwa kameza kamoja na kipande cha ukuta mtupu nyuma yangu, na sebule ya mama haitoshi hata sisi wenyewe. Lakini leo mchana mtu aliniletea TV ya zamani, ile ya mgongo mkubwa, ati nijaribu tu kama itawaka. Ikawaka. Baada ya dakika mbili ile vumbi ya ndani ikapata joto, na hiyo harufu ikanipiga mahali sikujua bado pako wazi. Vumbi ya moto, na kama vanishi kidogo. Nilisimama na bisibisi mkononi mpaka mteja akaniuliza kama imenipiga shoti.

Nilikuwa darasa la pili, ama la tatu, tukiishi Lucky Summer. Mzee Mutua alikuwa mchonga vinyago. Alikuwa anakaa kwa stuli nje ya chumba chake akichonga twiga na vifaru vya kupelekea watu wa tao, katikati ya jiji, wauzie watalii, na sisi watoto tulikuwa tunaenda nyumbani na vumbi ya mbao kwa nywele. Ile mashine aliinunua ikiwa imekufa, kutoka jumba fulani la michezo lililofungwa tao. Ilikuwa imetoka ng'ambo, ikapitia Mombasa, halafu ikakaa mahali ikinyeshewa mpaka mwili wake wa mbao ya kubandikwa ukafura kama mkate kwa chai. Mtu mwingine angetoa kioo na bodi auze. Mzee alitoa kila kitu ndani, akaijengea mwili mpya wa mbao za saipras, akaupiga msasa siku nne na vanishi mara tatu. Zile stiki za kuchezea zilikuwa zimebaki chuma tupu, vichwa vyake vya plastiki vimevunjika. Akazichongea vichwa vya mpingo, vya mviringo kama mayai. Yai kubwa upande wa kulia, yai dogo upande wa kushoto kwa mikono ya watoto. Mpaka leo sijawahi kushika kitu kinakaa kwa kiganja vile.

Sheria ya pale hakuna mtu aliiandika na hakuna mtu aliivunja. Watu wawili wanapigana ndani ya kioo. Aliyeshinda anabaki. Aliyeshindwa anaenda nyuma ya laini, na anayefuata anaingiza kobole, shilingi tano, ndio apambane na mshindi. Brayo, uliwahi kubaki kutoka saa nane mpaka adhana ya alasiri na kobole moja, na vijana wa Baba Dogo wakaja kukuangalia kama wewe ni ajali. Usiseme hukumbuki. Ulitembea wiki nzima ukiwa umeinua mabega.

Mimi nilikuwa naingia mara moja kwa wiki, kama nimebahatika. Lakini nilikuwa na kitu nyinyi hamkuwa nacho. Sisi wadogo tulikuwa tunatoka shule mchana, na saa hiyo hapakuwa na mtu. Mashine ilikuwa inacheza peke yake. Kama hujawahi kuona, mashine kama hiyo ikikosa mtu inajichezea, wale watu wa ndani wanapigana bila kushikwa na mtu yeyote, halafu inaandika kitu, halafu inaanza tena. Sasa najua ni njia ya kuita wateja. Wakati huo niliona ni kama mtoto amefungiwa nyumba anajichezea juu wenzake wameenda. Nilikuwa nasimama nayo. Ilionekana kwangu ni adabu tu, kusimama nayo.

Halafu kontena moja ya gemu ikafunguliwa milango mitatu mbele. TV mbili, benchi, gemu za padi, mpira na timu zenye majina mnayajua. Mtu anakaa chini, anachagua timu yake, analipa mechi. Kwa wiki moja laini yote ya Mzee Mutua ilikuwa imehamia pale, na wa kwanza kuhama, wacha niandike hapa isomeke vizuri, alikuwa Brayo.

Na hapo ndio mashine ilianza kukonda.

Niliona mimi kabla ya mtu yeyote. Picha ilikuwa inajaza kioo mpaka pembeni. Sasa upande wa kushoto kulikuwa na ukanda mweusi, mwembamba kama kamba ya kiatu. Siku mbili baadaye na kulia pia. Halafu juu. Wale wapiganaji walikuwa wanapungua, wanajikunja katikati ya kioo kama watu wamesikia baridi. Nilifikiria hiyo kitu sana, darasani na kitandani. Na hesabu yangu haikuwa ya kijinga: watu wakiwa wengi na kobole zinaingia, picha ni kubwa. Watu wameenda, kobole zimeisha, picha inapungua. Nilikuwa nimeona mtoto wa jirani akikonda hivyo hivyo. Nilijua mwisho wake itakuwa kanukta katikati, halafu hakuna.

Mama alikuwa anafanya kibarua kwa kiwanda cha biskuti Baba Dogo. Asubuhi alikuwa anaacha pesa chini ya sahani: unga, mafuta taa, sukuma. Siku hiyo nilizichukua nikaenda dukani nikaomba zote zigeuzwe kobole. Mwenye duka aliniuliza ni za nini, nikasema ni za mama, na kwa vile nilionekana mtoto wa maana akanipa.

Mzee alikuwa nje amenipa mgongo, anapiga msasa kifaru. Sikugusa stiki. Sikuwa nimeenda kucheza. Niliingiza moja, ikalia ting. Niliingiza nyingine. Chini ya kioo kuna namba inaonyesha umelipia mara ngapi, ikapanda, tano, sita, saba, ikafika tisa. Nikaendelea kuingiza na bado ikasimama kwa tisa, nikaelewa imeshiba lakini nikaiongezea za kesho. Mzee aliniambia baadaye alisikia zile ting mfululizo akafikiri wavulana wamerudi. Alifurahi mpaka akaogopa kugeuka.

Na sikilizeni: picha iliongezeka. Naapa. Ule ukanda wa kushoto ulirudi nyuma, nusu yake, mbele ya macho yangu. Leo naweza kukuambia ni joto tu, kioo kilikuwa kimewaka tangu asubuhi na jua la mchana lilikuwa linachoma mabati. Lakini wewe niambie mtoto wa miaka minane angesoma nini pale. Nilienda nyumbani nikiruka.

Mama alikuja saa kumi na mbili, miguu imefura, akaona sufuria iko vile aliiacha.

"Unga iko wapi?"

"Sikununua."

"Na pesa?"

"Nimepea mashine ya Mzee Mutua. Imekonda, mama."

Aliniinua kidevu aone macho yangu. Nafikiri alikuwa anatafuta uongo na haupati. Halafu akanishika mkono na tukaenda, yeye bado na ile kofia ya kiwandani ya kufunika nywele. Na hapa lazima niseme hali ilikuwa mbaya kuliko kosa langu peke yake. Wamama wa ploti walikuwa wamekubaliana tayari kwamba hiyo mashine inafundisha watoto wizi, na walikuwa wanangoja kisa kimoja tu wampelekee keateka, yule msimamizi wa ploti, iondolewe. Mimi ndio nilikuwa nimewaletea kisa. Nilijua hivyo njiani na nilikuwa nalia, si kwa kuogopa kuchapwa. Nilikuwa nimeenda kuiponya na sasa nimeiua.

Mama alimwambia Mzee yote kwa sauti ya chini, ile ambayo sisi tunaijua, mbaya kuliko kelele. Mzee akaweka kifaru chini. Hakucheka. Aliniuliza nimwonyeshe mahali imekonda, nikamwonyesha kwa kidole, kushoto, kulia, juu. Aliinama karibu na kioo, akarudi nyuma, akainama tena. Macho yake ya kazi ya karibu hayakuwa yameona kitu, na kwa vile ilipungua pole pole, ilikuwa imemponyoka kabisa.

"Umeona vizuri, mwanangu," akasema. "Lakini haiponi kwa pesa. Ni kakifaa kamoja ndani kamezeeka. Bei yake ni ya chapati mbili."

Akatoa ufunguo, akafungua sanduku la kobole, akazimwaga zote kwa kitambaa cha mama. Kisha akazunguka nyuma akafungua mlango wa mgongo, na hapo ndio niliona ndani kwa mara ya kwanza. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na bodi ya kijani imelala, waya nyingi, na safu ya swichi nyeupe nane, ndogo kama meno ya mtoto. Mama akauliza hizo ni za nini, na aliuliza vile mtu anauliza akiwa bado hajaamua kusamehe.

Mzee alisema hizo ndizo zinaamua mtu atashindwa baada ya muda gani. Akishindwa haraka sana anaona ameibiwa, harudi. Akikaa sana, wale wa nyuma wanachoka kungoja, na yeye Mzee analipa stima bure. Waliotengeneza hiyo bodi walijua, ndio wakaweka swichi, kila mwenye mashine ajipimie na watu wake.

"Kwa hivyo kazi yake ni kumshinda mtu pole pole bila kumkasirisha," mama akasema.

"Ndio hiyo tu."

"Kama supavaisa wetu."

Mzee alicheka mpaka akashika mlango. Mama hakuwa amepanga kuchekesha mtu, lakini uso wake ulilegea kidogo. Hapo Mzee akaona ile tisa bado imekaa chini ya kioo. Kobole zimetoka lakini namba haijui. Alimwambia anaweza kuizima na kuiwasha, itafutika.

"Ama ucheze, Mama Brayo. Hizi zimeshalipiwa na hakuna mtu kwa laini."

Sijui ni nini kilimfanya. Mama alikuwa mtu wa kutoka kazini na kuenda kazini. Aliangalia nyuma, akaangalia barabara, akaweka mfuko chini, akashika yai kubwa.

Hakuwa anajua kitu. Alikuwa anapiga vibonyezo vyote kwa kiganja kama mtu anakanda chapati, na mtu wake alikuwa anaruka pahali pamoja akipigwa. Alishindwa. Akashindwa tena. Mzee akaingiza mkono kwa ule mgongo wazi, akasogeza swichi moja na ncha ya patasi, na mchezo uliofuata mama akashinda mtu wa kwanza, akatoa sauti sijawahi kusikia ikitoka kwake, kama msichana amemwagiwa maji baridi. Halafu akaniambia nije. Nilishika yai dogo. Nilimpiga mamangu, nisamehewe, nilimpiga vizuri sana, na kwa sababu sheria ni sheria yeye aliachilia stiki, akaenda akasimama nyuma yangu, kwa laini ya mtu mmoja, mikono imekunjwa, akangoja kidogo, halafu akarudi na uso wa mtu amekuja kudai haki yake.

Watu walikuwa wanatoka kazini. Mama wa nyumba nambari nne alisimama kuangalia ni nini. Halafu mwingine, na mtungi wa maji. Mmoja akauliza kama lazima ujue kusoma. Tisa zilipoisha kulikuwa na wamama watano kwa ile laini, wote wale wa kumwendea keateka, na yule wa mtungi alikuwa anatafuta kobole kwa leso. Habari ya keateka haikusikika tena. Unga tulinunua na zile zile kobole, na tulikula tumechelewa, na mama alinionyesha kwa mwiko vile angenishinda kama kale kaswichi kangesogezwa tena.

Mzee alibadilisha kale kakifaa wiki iliyofuata. Nilisimama nikashika taa. Akayeyusha risasi ya kulehemu, harufu ikapanda, akavuta kakitu kama kidole gumba kamevimba juu, akaweka kapya. Picha ikajaa kioo mpaka pembeni. Niliendelea kuamini, kimoyomoyo, kwamba kobole zangu pia zilisaidia.

Haikudumu hivyo, Brayo, sisemi ilidumu. Ile bodi ilikufa, Mzee akanunua ya bei rahisi kutoka Uchina yenye gemu nyingi ndani ya moja, na laini ikaharibika kwa sababu kila mtu alitaka kuchagua. Kioo nacho kikafa. Akaweka TV bapa, na wapiganaji wakanyooshwa wakawa wanene, mashine iliyokuwa imekonda sasa ina mashavu. Akatoa sanduku la kobole akaanza kulipisha kwa dakika. Kila kipande kilichoingia kilikuwa rahisi kuliko kilichotoka, na kila kimoja kilipunguza kungojana. Mwisho kungojana kukaisha kabisa, simu zikaja, na Mzee akaisukuma nyuma ya mlango akaifunika leso.

Sasa turudi kwa hiyo bure yako ya simu. Simu pia iko na swichi nane, ni vile tu hazina mlango wa kufungua. Inakushinda dakika ile imepimiwa, halafu inakuambia ungoje nusu saa ama uangalie tangazo, na bando inaisha. Nazitengeneza kila siku, naona. Mzee alitufungulia mgongo tukaona anatupima vipi. Hiyo ndiyo tofauti naweza kusema na moyo wangu wote, na nilitaka kukuambia mezani lakini ulikuwa unacheka.

Na nani atasimama mbele yake? Nimelifikiria hilo swali lako tangu uondoke na nafikiri nimepata. Kuna watu katika hii Komarock ambao hawana simu mkononi, na wote wanakuja kwangu. Wananipa simu, naifungua, wanangoja nusu saa. Hawajui waangalie wapi. Wanapapasa mfuko, wanakumbuka, wanapapasa tena. Jana kulikuwa na wawili, kijana wa boda na mama wa shule, wamesimama bega kwa bega kwa ule ukuta kama watu wa foleni ya hospitali, na hawakuambiana hata mambo. Ukuta uko. Stima iko. Sitalipisha mtu, na kama italala hapo bila kuguswa, basi nitakuwa nimekosea na utanicheka mpaka mwaka uishe, niko tayari.

Nimeshaongea na Baba Hafsa wa hapa chini. Kila Jumamosi anapeleka sukari Baba Dogo, pale jirani na Lucky Summer, na pikap na anarudi tupu. Anatoka saa kumi na mbili kamili asubuhi na hangoji mtu. Nitatoa blanketi mbili kwa kitanda changu na ile kamba ya nguo. Nitampigia Mzee tukiwa njiani asije akaipeana mapema. Na wewe nitakuamsha saa kumi na moja na nusu, juu upande wa chini ndio mzito na mimi peke yangu siwezi. Vaa viatu za kazi.